Orodha ya kurasa zilizofungwa iwekwe wazi

Katikati ya mwaka 2025 Watanzania tuliambiwa kwamba serikali imezifunga tovuti, blogu na akaunti za mitandao ya kijamii zaidi ya 80,000 kwa kukiuka maadili na kuwaharibu watoto. Elfu themanini ni nyingi mno. Lakini ni zipi? Nani aliziamua, lini, kwa kosa gani? Sisi hatujaiona orodha hiyo, wala hatujakutana na mtu aliyeiona. Tumepewa hesabu tukaambiwa tushukuru.

Tuseme mapema tunaposimama, maana jambo hili lina watu wepesi wa kuwabandika wenzao majina. Hatutetei filamu za ngono. Anayetengeneza au kusambaza picha za ngono za watoto ni mhalifu, na afungwe. Anayesambaza video ya faragha ya mwenzake bila ridhaa yake amemdhulumu mtu, na afikishwe mahakamani. Kwa mambo hayo mawili serikali ina kazi, na tunadai kwamba haijaifanya vya kutosha. Ugomvi wetu ni juu ya jambo la tatu, lile linaloitwa maadili kwa ujumla wake, ambalo halina mpaka na ambalo kila mwenye cheo hulivuta upande anaoutaka.

Chukua suala la X. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao huo ilidukuliwa, ikarusha picha chafu pamoja na taarifa ya uongo kwamba Rais amefariki. Siku hiyohiyo X ikaanza kugoma nchini, na ikabaki imefungwa kwa miezi. Waziri wa Habari wa wakati huo, Jerry Silaa, alieleza kuwa mtandao huo unaruhusu maudhui ya ngono kinyume cha sheria na utamaduni wetu. Ni kweli unaruhusu. Uliandika hivyo kwenye sera yake Mei 2024, na hata kabla ya hapo, tangu ukiitwa Twitter, picha za utupu zilikuwemo miaka nenda rudi. Miaka yote hiyo wizara zetu zilikuwa na akaunti humohumo, zikitoa matangazo yao na kupokea pongezi. Uchafu haukuingia X mwezi Mei. Kilichokuwa kikiendelea mwezi Mei ni kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu mahakamani Kisutu, na wanaharakati wa Kenya na Uganda waliokuja kuifuatilia wakakamatwa Dar es Salaam. Msomaji ajumlishe mwenyewe.

Tatizo linaanzia kwenye maandishi ya sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zina jedwali la mambo yaliyokatazwa. Ndani ya jedwali hilo moja utakuta picha za ngono, kisha uvumi, kisha habari zinazoshusha heshima ya Jamhuri ya Muungano, kisha habari za uongo na za kupotosha. Vyote viko kapu moja, na adhabu moja: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Ndiyo maana kila waziri akisimama bungeni kuzitetea kanuni hizo huanza na watoto na ngono. Hakuna mbunge atakayenyanyuka kusema anaitaka ngono. Kanuni zikishaanza kutumika, makali yake yanakwenda kwingine. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliusimamishia mtandao wa Jamii Forums leseni kwa siku 90. Kosa lililotajwa lilikuwa kupotosha umma na kumvunjia heshima Mkuu wa Nchi. Ngono haikutajwa.

Tulishaona mwanzo wake mwaka 2018, kanuni za kwanza zilipotoka. Mwenye blogu alitakiwa kulipa ada ya maombi na ya leseni ambazo mwaka wa kwanza zilifika zaidi ya shilingi milioni 2. Waliofunga blogu zao kwa kushindwa kulipa walikuwa watu wa kawaida walioandika habari za wilaya zao. Wauza video za ngono hawakuomba leseni, na hatudhani kuna aliyewatarajia. Aprili ya mwaka huohuo Diamond Platnumz alishikwa na polisi kwa video aliyoiweka Instagram akimbusu mwanamke, na Waziri Harrison Mwakyembe akalitolea Bunge taarifa. Busu! Mwanamuziki mkubwa kuliko wote nchini akahojiwa kwa jambo ambalo tamthilia za Kifilipino na za Kituruki, tena zilizotiwa Kiswahili, zilikuwa zikilionyesha sebuleni kwetu kila jioni bibi na wajukuu wakitazama.

Wanaosema utamaduni wetu hauzungumzii ngono hawajawahi kukaa karibu na kungwi. Pwani yote, kuanzia Tanga hadi Mtwara, somo humfundisha mwari mambo ya chumbani kwa maneno ambayo ofisa wa TCRA angeyasikia kwenye simu angeyafungia siku hiyohiyo. Kitchen party za mijini nazo zina fundi wake, na siku hizi mafundi hao wana akaunti mtandaoni na wafuasi kwa maelfu. Je, wamo kwenye zile elfu themanini? Na muuguzi anayeeleza dalili za kisonono kwa michoro je? Hatuwezi kujua, kwa sababu hatujaonyeshwa orodha.

Sasa tuje kwenye uovu wenyewe, ule ambao serikali ingekuwa inaushughulikia kama nia ingekuwa hiyo.

Kila kijana mwenye simu anajua maana ya koneksheni. Ni video ya watu wakifanya mapenzi, mara nyingi msichana aliyerekodiwa na mpenzi wake, au aliyejirekodi akamtumia, kisha wakaachana, au simu ikaibwa, au ikapelekwa kwa fundi asiye mwaminifu. Biashara yake haina siri. Kwenye kundi la WhatsApp au la Telegram linawekwa tangazo: kipande cha sekunde chache, uso umefunikwa na kikatuni, na maneno kwamba koneksheni mpya imevuja. Chini yake kuna namba ya simu. Unaelekezwa utume elfu moja au elfu mbili kwa namba hiyo, ukishalipa umtumie ujumbe wa muamala akuingize kwenye kundi lenye video nzima. Unapoingiza namba hiyo ili ulipe, kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mwenye laini. Jina kamili, la kwanza na la ukoo.

Hapo ndipo tunapokosa subira na wanaotuambia kuwa tatizo hili ni gumu. Nchi hii ilitupanga foleni mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 tukaweka vidole kwenye mashine na kutoa namba za NIDA, na ambaye hakufanya hivyo laini yake ilikatwa. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu. Basi muuza koneksheni ana jina, ana alama za vidole, ana kitambulisho cha taifa na ana wakala anakotolea fedha. Kumpata kunahitaji askari mmoja anayeijua kazi yake na amri ya mahakama kwa kampuni ya simu. Hakuhitaji kufunga mtandao wowote. Ni biashara inayopita mikononi mwa kampuni zenye leseni ya serikali, miamala yake imeandikwa kila mmoja na saa yake, na bado inashamiri.

Aliyevujishiwa video akienda kituo cha polisi anakutana na nini? Waliopitia hayo wanasimulia swali lilelile: kwa nini ulijirekodi? Wengine wanaulizwa kwa upole, wengine kwa kicheko. Wengi hawaendi kabisa, kwa sababu wanaogopa kugeuzwa watuhumiwa, na woga huo una msingi. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinaadhibu kuchapisha ponografia kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Ni adhabu nzito kweli. Lakini kifungu hicho hakiulizi kama aliyeonekana kwenye picha aliridhia. Kwa jicho lake, kosa limetendewa jamii, na yule dada hayumo kwenye sentensi. Mtu aliyerusha video ya mwenzake kwa kisasi na mtu aliyeweka picha yake mwenyewe kwa hiari yake wanaangukia kifungu kimoja.

Kenya walifanya vizuri zaidi hapa. Sheria yao ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ina kifungu cha 37, kinachohusu kusambaza picha ya faragha ya mtu mwingine, na adhabu yake hufika miaka miwili jela au faini ya shilingi za Kenya 200,000. Mtu mwingine: maneno mawili hayo yanamrudisha aliyeumizwa katikati ya kesi. Hata hivyo Wakenya nao wana majaribu yao. Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini marekebisho yanayoipa kamati ya serikali uwezo wa kuagiza tovuti na programu zifungwe, na sababu zilizotajwa ni zilezile ambazo hakuna mwenye ujasiri wa kuzipinga hadharani: ngono za watoto, ugaidi, imani kali za kidini. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi ya vifungu, baada ya mwimbaji Reuben Kigame na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni asasi ya kiraia, kwenda kulalamika.

Uganda walikwenda mbali kuliko wote. Mwaka 2014 walitunga sheria nzima dhidi ya ponografia, yenye tafsiri pana kiasi kwamba wahuni wa Kampala waliifanya ruhusa ya kuwavua wanawake nguo mitaani kwa kuvaa sketi fupi. Mwaka huohuo mwimbaji mmoja alivujishiwa picha zake za utupu na mpenzi waliyeachana naye, na Waziri wa Maadili Simon Lokodo, padri wa zamani, akataka akamatwe yeye, mwanamke. Miaka miwili baadaye Lokodo alitangaza kuwa serikali inanunua mashine kutoka Korea Kusini kwa dola 88,000, itakayonasa picha za ngono kwenye simu na kompyuta za watu. Waganda walicheka sana. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikavifuta vifungu vikuu vya sheria hiyo kwa sababu tafsiri yake haikuwa na mpaka. Miaka saba ilipita kabla ya mahakama kusema neno hilo.

Upande wa ufundi nao useme. Mawasiliano mengi ya mtandaoni siku hizi yamefichwa kwa njia ambayo kampuni ya simu inaona jina la tovuti unayoingia, lakini haioni ukurasa unaoufungua ndani yake. Kwa hiyo kampuni haiwezi kuziba picha moja chafu iliyoko X ikaacha tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa lililoko X. Inaziba vyote au inaacha vyote. Ukiona mtandao mzima umefungwa kwa sababu ya picha za ngono, ujue pamoja na picha hizo amefungiwa mkulima aliyekuwa akifuatilia mvua, mwanafunzi aliyekuwa akiulizia mkopo, na mwandishi aliyekuwa akiuliza fedha za halmashauri zimekwenda wapi.

Kisha inakuja VPN, programu ya kukwepa vizuizi hivyo. Kanuni za 2020 zinakataza teknolojia inayomsaidia mtu kuyafikia maudhui yaliyokatazwa, na Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kuwataka watumiaji wajisajili kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Mabenki na kampuni hutumia VPN kila siku, na vijana nao baada ya Mei 2025. Hili linatusumbua sana. Kabla ya X kufungwa, mtoto wa kidato cha pili hakuwa na sababu ya kuijua VPN. Alipofungiwa X akafundishwa na wenzake, akapakua ya bure. VPN hiyohiyo inaruka kichujio alichoweka mzazi kwenye intaneti ya nyumbani, na inaruka kichujio cha kampuni ya simu. Waliofunga mtandao mzima kwa jina la kumlinda mtoto wamemkabidhi ufunguo wa kila mlango.

Kuna wanaosema tufuate Uingereza. Huko, tangu tarehe 25 Julai 2025, tovuti za ngono zinalazimika kuhakikisha kuwa mtazamaji ni mtu mzima, kwa kitambulisho, kadi ya benki au kupimwa sura, na tovuti inayokaidi inaweza kutozwa faini hadi asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima. Siku zilezile za mwanzo programu za VPN zilipanda hadi kileleni mwa orodha za zinazopakuliwa. Wazo la kumzuia mtoto tunaliunga mkono. Njia hiyo kwa hapa kwetu hatuitaki. Oktoba 2025 kampuni ya Discord ilikiri kuwa picha za vitambulisho vya watu wapatao 70,000 huenda zimeangukia mikononi mwa wadukuzi. Sasa fikiria daftari la Watanzania wanaotazama ngono, majina na namba za NIDA, limekaa mahali fulani likingoja mtu wa kulitumia wakati wa kura za maoni za chama.

Kwa watoto tungependa kitu chepesi zaidi. Huko Uingereza kampuni za simu zilikubaliana tangu mwaka 2004 kuzuia maudhui ya watu wazima mpaka mteja athibitishe umri wake. Kampuni zetu zina vifurushi vya usiku, vya wanachuo, vya wapenda mpira. Zishindwe nini kuwa na laini ya mtoto, iliyochujwa tangu siku inapotoka dukani, ambayo mzazi pekee ndiye anayeweza kuifungua? Mzazi anayetaka aichukue, asiyetaka aache. Mtu mzima wa miaka 40 asiguswe.

Na tusidanganyane kwamba hatari kubwa ya mtoto iko kwenye tovuti za Marekani. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulikuta kuwa asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walitendewa unyanyasaji wa kingono wa mtandaoni katika mwaka mmoja, nao ni makadirio ya watoto 200,000. Anayewaandama huja kwa ujumbe wa faragha, anaomba picha, anaahidi vocha. Kufunga tovuti hakumgusi hata kidogo. Anayemgusa ni mtoto anayejua pa kusemea na askari anayepokea taarifa bila kumfokea. Namba 116 ya watoto ipo, lakini nenda shule yoyote ya kata uulize ni wangapi wanaijua. Namba 15040 ya kuripoti matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" imetangazwa mpaka imekaa vichwani. Tunaomba 116 itangazwe kwa kelele zilezile.

Turudi kwenye suala la mpaka. Intaneti ilipokatwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, kisha ikarejea baada ya siku kadhaa, watu walipokea ujumbe wa simu ukiwaonya kwamba kusambaza picha zinazozua taharuki au kudhalilisha utu wa mtu ni kosa la jinai. Picha zilizokuwa zikizunguka siku hizo zilikuwa za maiti na majeruhi. Lugha ya heshima na utu, iliyozoeleka kwenye mjadala wa picha za ngono, sasa ikawaangukia waliokuwa wakitafuta ndugu zao kwa kutambua nguo kwenye video. Ambaye alikuwa hajaelewa kwa nini tunaogopa kanuni zisizo na mpaka, alielewa wiki hiyo.

Tunachokitaka kinajulikana. Ngono itolewe kwenye jedwali moja na siasa, iwe na kanuni yake yenye tafsiri inayosomeka. Amri ya kufunga tovuti itoke kwa hakimu, ieleze kosa, na mwenye tovuti apewe nafasi ya kukata rufaa. Picha za watoto zisisubiri hakimu. Ziondolewe kwanza, maelezo yafuate. Kifungu cha 14 kimtaje mtu aliyerekodiwa na kiulize ridhaa yake, na Bunge linaweza kuazima maneno ya jirani yetu, hakuna atakayedai hakimiliki. Dawati la Jinsia na Watoto kila wilaya lipate angalau ofisa mmoja anayejua kuandika barua kwa kampuni ya simu kuomba taarifa za muamala.

Hayo yatachukua muda, tunajua. Lakini kwa zile kurasa 80,000, TCRA haihitaji Bunge wala bajeti mpya. Kurasa zenye picha za watoto zisitajwe, tutaelewa sababu. Zilizobaki ziwekwe kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe, kila moja na tarehe yake na kosa lake.